Mguu wa Kushoto

Harufu ndiyo iliyotangulia,
harufu ya klachi inayoungua: kucha juu ya kaa la moto.
Kisha injini ikapandisha sauti
na gari likabaki palepale, kama mtu aliyesahau alilotumwa.
Tulikuwa katikati ya kilima cha mchanga, magharibi ya Coober Pedy,
nyuma yetu trela, juu ya trela maji lita elfu moja.
"Inateleza," alisema baba,
kwa sauti ya anayetaja ugonjwa wa ndugu.

Nikashuka, nikafungua bomba la tangi.
Maji tuliyoyalipia sarafu kwa sarafu
yakanywewa na mchanga, hata asante hakuna.
Tukapanda, trela tupu likirukaruka nyuma yetu,
na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kosa lilikuwa letu. Mwaka jana tulilifungia turbo kubwa,
tukashangilia moshi;
nguvu tukaiongeza, mshiko tukausahau.
Kamba hukatikia pabovu.

Sanduku lilikuja na lori la usiku kutoka Adelaide,
zito kama mtoto wa darasa la kwanza:
klachi ya kazi nzito, flaiwili mpya,
beringi ndani ya karatasi ya nta.
Karakana yetu ni pango lililochimbwa ubavuni mwa kilima,
kwani huku watu huishi chini ya ardhi
kama panya wenye mikopo ya benki.
Giaboksi tuliishusha kwa jeki, mikanda miwili, na Lefteris,
jirani mwenye mabega ya kuchimbia opali.
Klachi ya zamani ilitoka imekonda, riveti zikichungulia,
na flaiwili ina madoa ya buluu
kama paja lililopigwa teke na farasi.

Kurudisha ndiko kulikokuwa na kazi.
Shafti ilikataa tundu. Mara tatu, mara tano.
Lefteris akaitukana kwa Kigiriki,
baba akaibembeleza kwa Kikroeshia,
ikaingia, klop,
wala sijui ilielewa lugha gani.

Ndipo baba akapanda, akakanyaga pedali.
Springi mpya hazijui adabu.
Goti lake la kushoto, lile lililoangukiwa na jiwe shimoni
mwaka niliozaliwa,
likatetemeka nusu ya safari, likagoma.
Akajaribu tena, akiuma mdomo.
"Itazoea," alisema.

Pedali haizoei, baba.
Nilitaka kumwambia hivyo;
nikafuta spana iliyokuwa safi tayari.
Pabovu tulikuwa tumepaziba. Pakahama.

Klachi mpya hutaka kilomita mia nane za upole
kabla ya kuonjeshwa mzigo.
Niliziendesha mimi: kwenda kuchukua barua, kurudi,
kwenda tena bila barua,
naye akiandika hesabu kwa penseli ukutani mwa pango.
Kila asubuhi alikuwa na sababu:
mgongo, mkutano, miwani.

Ilipotimia mia nane tulijaza tangi.
Ufunguo hakunikabidhi.
Aliuacha ukining'inia penye swichi,
akazunguka mbele ya gari polepole,
akafungua mlango wa abiria
kama mlango wa nyumba ya watu.

Kilima kilikuwa kinatusubiri.
Gia ya pili. Mguu wangu ukawaka hadi kwenye nyonga,
pedali ikarudi juu kama ngumi,
na klachi ikashika,
ikashika kama mdai aliyekupata sokoni.
Trela likafuata bila ubishi.

Baba, aliyeniita Snježana, jina la theluji,
katika mji usioijua theluji,
hakusema kitu.
Kileleni nikabadili gia.
Pembeni yangu, juu ya zulia lililochakaa,
mguu wake wa kushoto ukakanyaga,
ukaachia,
sawasawa na wangu.